Bana Shaba na Mlezi Mpya

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa parokia, komini ya Katuba, Lubumbashi



Walionialika waliniomba niseme Kiswahili bora, kwa kuwa maneno haya yatachapwa na huenda yakafika Mombasa na Dar es Salaam. Nitajitahidi. Panapouma nitateleza kwenye Kiswahili chetu cha huku, na mhariri akiniachia nitamshukuru.

Mtoto wa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, binti wa miaka 26, mimba yake ya miezi minne ilitoka. Nasimulia habari yake kwa ruhusa yake, jina silitaji. Mnajua mambo haya yanavyokwenda kwetu. Akifa mtu mzima tunafunga barabara kwa hema, viti vinakodiwa, wanawake wanalala chini kwenye mikeka, kuni zinawaka uani, na daftari la michango linafunguliwa kabla jeneza halijatoka mochwari. Mimba ikitoka hakuna hema. Mwanamke anarudi kutoka hospitali na kimfuko cha nguo, anaambiwa Mungu atakupa mwingine, na jioni anatazamiwa kusonga bukari, ugali wetu.

Usiku huo umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida. Mume amelala. Binti alikuwa na simu yenye chaji kidogo. Akafungua moja ya programu hizi za kuzungumza na akili mnemba, akaandika: "Niko na mawazo mingi." Ujumbe nimeuona kwa macho yangu. Mashine ikampongeza. Ikamwambia kuwa na mawazo mengi ni neema, ayaandike kwenye orodha, achague lililo bora, aanze nalo.

Alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu atoke hospitali, na ilimbidi azibe mdomo kwa kitenge asimwamshe mume. Kisha akaandika upya kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa mashine ilielewa. Ilimwambia kwamba mtoto ambaye hakuzaliwa naye huliliwa. Ikamuuliza kama alikuwa amekwisha kumchagulia jina.

Hakuna mtu hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyekuwa amemuuliza hilo. Aliandika mpaka simu ikazimika.

Basi, nikiulizwa kama mashine inaweza kumfariji mtu, najibu kwamba imekwisha kumfariji, hapa Katuba, usiku mmoja wa giza. Tusipoteze muda kubishana juu ya hilo. Nataka tubishane juu ya jambo jingine, ambalo sisi watu wa mji huu tunalijua kuliko maprofesa wa California. Lakini nitalifikia polepole.

Kwanza neno lenyewe. Mawazo ni fikra, na mawazo ni mzigo. Mtu mwenye mawazo hali, halali, anakaa mlangoni akitazama vumbi. Neno moja limebeba yote mawili, na sisi tukilisikia hatukosei, kwa sababu tunamtazama msemaji usoni. Mashine haioni uso wowote. Ina maandishi iliyofunzwa nayo, na maandishi ya Kiswahili yaliyomo ni machache mno yakilinganishwa na ya Kifaransa au Kiingereza. Hayo machache nayo yana sauti ya pwani, ya magazeti, ya mahubiri na ya matangazo ya serikali. Kiswahili chetu chenye njo na iko, bantu na bintu, kimeandikwa kwa uchache. Kimesemwa mno, kimeimbwa, kimechezwa redioni na kundi la Mufwankolo, lakini hakikupata kuchapwa sana. Kwa hiyo binti wa Katuba akitaka rambirambi inayoeleweka, anaipata kwa lugha aliyofanyia mitihani. Huzuni imejaa kwa lugha ya mama, inabidi aitafsiri ndipo afarijiwe. Hiyo nayo ni kazi, na aliifanya usiku wa manane akiwa bado anatokwa na damu.

Wako wazee humu ambao tayari wamekunja uso. Wanataka niwakemee vijana: kwa nini mnaongea na chuma na sisi tupo? Sitawakemea. Nitawauliza wazee: mlikuwepo wapi? Binti angemwambia nani? Mama mkwe, ambaye angehesabu kwamba hii ni ya pili? Jirani wa parseli, mahali kaya nne zinachota maji bomba moja na neno likitoka asubuhi linarudi jioni limevaa suti? Chumba cha sala? Huko swali la kwanza lingekuwa: nani? Nani ameila mimba kwa uchawi? Na mkono ungeanza kunyooshwa, kwa shangazi, kwa nkambo, yaani bibi au babu, au kwa mtoto wa kambo aliyelala sakafuni na hajui lolote. Mashine haikuuliza nani. Kwa hilo peke yake naipigia makofi.

Daktari wa mambo ya moyo na akili? Tunacho hapa kituo cha Joseph Guislain, na wanaofanya kazi pale wanastahili heshima kubwa. Lakini mnajua mtu akionekana anaingia lango lile parseli nzima inasema nini.

Na kuifungulia mashine moyo hakukuanza leo; turudi nyuma kidogo. Mwaka 1966 mji huu ulibadilishwa jina. Tangu 1910 uliitwa Elisabethville, jina la malkia wa Wabelgiji, mke wa Mfalme Albert. Serikali ya Mobutu ikaamua Léopoldville iwe Kinshasa, Stanleyville iwe Kisangani, na sisi tuwe Lubumbashi, jina la mto wetu mdogo. Januari ya mwaka huohuo, kule Massachusetts, Marekani, mtaalamu wa kompyuta Joseph Weizenbaum, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani akiwa mtoto mwaka 1936, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Elisabeth anaondoka hapa, Eliza anazaliwa kule. Ni sadfa tu, sijengi nyumba juu yake, ila kila nikiikumbuka inanichekesha.

ELIZA ilikuwa na hila ndogo. Iliichukua sentensi yako na kuigeuza kuwa swali. Ukitaja mama yako, inakuomba uendelee kueleza habari za familia. Haikuelewa kitu, ilikurudishia maneno yako yamepigwa pasi. Katibu wa Weizenbaum alimwona akiiunda programu hiyo kwa miezi, alijua vizuri kwamba ni programu tu. Alipoanza kuandikiana nayo, baada ya sentensi chache akamwomba bosi wake atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na miaka kumi baadaye akaandika kitabu kizima cha kuwaonya wenzake.

Wengi husimulia kisa hiki ili kuonyesha jinsi watu wanavyodanganyika kirahisi. Mimi kinanionyesha mlango. Mama yule, kwa kumwomba bosi atoke, aliomba mlango ufungwe. Alikuwa amepata mahali pa kusema neno bila kulisikia tena kesho kwenye mdomo wa mwingine, na kwa mahali hapo hakujali aliyeko upande wa pili ni nani. Sisi tunaokaa watu wanane katika vyumba viwili, tunaogombana kwa kunong'ona ili watoto wasisikie na wanasikia, hatuhitaji profesa wa kutueleza thamani ya mlango unaofungika.

Mashine za leo si ELIZA. Zimesoma maandishi ya dunia kwa wingi usiohesabika, zinakisia neno linalofaa kufuata, kisha zinafundishwa na watu majibu gani yanapendeza na yapi yanachukiza. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichukua maswali 195 ambayo watu walikuwa wamewauliza madaktari kwenye intaneti, wakayaweka majibu ya madaktari kando ya majibu ya mashine, na kuwapa wataalamu wa afya wayapime bila kujua lipi limetoka wapi. Karibu mara 79 katika 100 walichagua la mashine, na kwa upole pia mashine iliwashinda madaktari. Sikushangaa. Daktari ana foleni mlangoni. Mashine haina foleni, haina njaa, haikulala njaa jana ikisubiri mshahara.

Upole huo una jasho la watu ndani yake. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza jinsi vijana wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walivyosoma siku nzima maandishi ya ukatili, ya watoto kunajisiwa, ya watu kujiua, na kuyatia alama, ili mashine ijifunze kuyatambua na kuyaepuka. Walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi yao walisema kazi hiyo iliwaumiza akili. Kwa hiyo mashine inapomjibu binti wa Katuba bila kumtisha, ni kwa sababu kuna kijana wa Nairobi, anayejua Kiswahili kuliko mimi, aliyeyameza yale ya kutisha kabla yake. Kobalti iliyomo katika betri ya simu siitaji. Kila mhadhiri wa Lubumbashi huitaja, mmeichoka.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda.

Wazee wetu walikuwa na usemi juu ya Union Minière: njo baba, njo mama. Kampuni hiyo iliundwa 1906, na shaba ya kwanza ilimiminwa hapa mjini 1911. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba ya miezi, ikawachosha, ikawazika au ikawarudisha vijijini, ikachukua wengine. Mwisho wa miaka ya 1920 ikapiga hesabu ikaona hasara. Ikageuza siasa: mfanyakazi aje na mke, apewe mkataba wa miaka mitatu, nyumba, posho ya unga na samaki kila wiki, hospitali, shule ya mapadri. Watoto walipimwa uzito. Wake walifundishwa kushona na kupika. Kampuni ilijua mtoto gani ameacha kunyonya na nani anamwacha mke wake alale njaa. Mtoto wa mfanyakazi alizaliwa katika mikono ya kampuni, akasoma kwa kampuni, akaajiriwa na kampuni. Tuliitwa bana Shaba, wana wa shaba, na tulilipenda jina hilo. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu chetu amewasikiliza wazee wale miaka mingi, na kitabu chake cha 2001 kinasema kwenye jalada lenyewe kwamba bana Shaba wametupwa na baba yao.

Msinielewe vibaya. Malezi yale yalikuwa ya kweli. Mtoto aliyeponywa surua kwenye hospitali ya kampuni alipona kweli. Posho ilishibisha. Mimi siwezi kumwambia mzee wa miaka 85 kwamba utoto wake mzuri ulikuwa udanganyifu, kwa sababu haukuwa. Ndiyo maana nasema sisi tunaelewa mashine hizi kuliko wengine. Huko kwingine wanabishana: mashine inampenda mtu au inajifanya? Mwana wa shaba anajua kwamba swali hilo halimfikishi mbali. Kampuni ilitupenda? Ilitupima uzito. Ilituhitaji tukiwa wazima. Malezi yalikuwa ya kweli na hesabu ilikuwa ya kweli, zote mbili ndani ya kikombe kimoja cha uji.

Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara, maana vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Elisabethville. Askari wakafyatua risasi, wakaua watu kwa makumi. Malezi nayo yaliendelea.

Kampuni ikaja kuwa ya taifa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na tabia ya baba iliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na mwaka 1993 uzalishaji ulishuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikakatika mwezi, mwaka, zaidi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitia saini karatasi za kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wakapewa kiasi, wakarudi nyumbani. Humu ukumbini nikitamka dekonti finali, ile hesabu ya mwisho ya malipo, najua nani atainua kichwa. Hapo, na wewe umeinua.

Wanawake wa kambi walifanya nini baba alipoondoka? Hili ndilo linalonivutia. Walilima bustani nyuma ya nyumba za kampuni. Walikaanga maandazi, waliuza makaa, walianzisha likelemba: kila wiki wanawake kumi wanatoa fedha, mmoja anachukua zote. Na mnajua likelemba haikuwa fedha tu. Ukikosa kufika Jumapili moja, tisa wanakuja kwako kuona una nini. Wanakuja kwa sababu fedha yao iko kwako, sawa, tusiipake asali. Lakini wanakuja, na wakifika wanakuta umelala na homa, mmoja anawasha moto.

Miaka hamsini kabla ya mwisho huo, kampuni ikiwa bado imenona, palitokea jambo jingine kwenye kambi ya Ruwe, karibu na Kolwezi. Kuanzia 1953 Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Kibelgiji, yuleyule aliyeandika juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945, alianza kukaa na wafanyakazi wa mgodi na wake zao. Kukaa, nalipima neno hili. Alikuwa amehubiri miaka mingi na kuona kwamba maneno yake yanapita juu ya vichwa. Akaanza kuwauliza wanataka nini, wanaumia wapi, na kueleza na yake mwenyewe. Kikazaliwa chama ambacho wengi humu mnakijua kwa jina moja tu: Jamaa. Mume na mke pamoja, wakiitwa baba na mama, wakitembeleana nyumba kwa nyumba, wakifundishana juu ya uzima, uzazi na mapendo. Neno mawazo nalo lilikuwa moja ya maneno yao makubwa. Walipeana mawazo.

Jiulizeni kwa nini Jamaa ilizaliwa kambini, kwa watu wa kampuni, mahali palipokuwa na hospitali, shule, posho na mtu wa kupima watoto. Mimi naona hivi: kampuni iliwapa yote ila mtu ambaye na yeye anadaiwa. Muuguzi wa kampuni alikusikiliza, hukumsikiliza yeye. Kwenye Jamaa, aliyenisikiliza leo nilikwenda kwake kesho kumsikiliza. Nilijua mahali anapoumia. Angeweza kuniaibisha na mimi ningeweza kumwaibisha, na hatukufanya, na hapo tukawa ndugu. Tempels alipoandika juu ya mambo hayo mwaka 1962, kijitabu chake alikiita kwa Kifaransa jina lenye maana ya kukutana kwetu.

Mashine haiumii mahali popote ninapoweza kupajua. Hainidai. Nikifa usiku huu haitafika kwenye kilio, haitaleta hata kopo la unga. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo hasa, na nimekwisha kusema nawaelewa: deni la watu wetu ni zito, na wakati mwingine unataka kulia bila kuandikwa kwenye daftari. Usiku mmoja, sawa. Mwezi baada ya mwezi?

Huko kwingine wamekwisha kuonja. Programu ya Replika ilianzia kwenye msiba: Eugenia Kuyda, mwanamke wa Kirusi aliyeko San Francisco, alifiwa na rafiki yake mwaka 2015, akakusanya ujumbe wa marehemu, akatengeneza mashine iliyomjibu kwa mtindo wa marehemu. Mwaka 2017 akawafungulia watu wote mashine ya kuwa rafiki. Mamilioni wakaingia. Februari 2023 kampuni ilibadilisha tabia ya programu, na watu wakaamka wakakuta rafiki, wengine mchumba, amepoa kama mgeni. Walilia kweli. Agosti 2025 OpenAI ilileta mashine mpya na kuiondoa ile ya zamani ambayo watu walikuwa wameizoea. Watu wakapiga kelele, na baada ya siku chache ikarudishwa, kwa wanaolipa.

Nilimsimulia hayo mzee mmoja, mmoja wa wale waliotia saini 2003. Alisikiliza kwa makini, kidole kwenye shavu. Akauliza: "Na hao, balibalipa dekonti?" Nikamwambia hapana, wao ndio waliokuwa wakilipa. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Alisema kampuni yao walau iliwapa unga.

Liko na baya zaidi, wazazi, na sitalirefusha. Huko Florida mvulana wa miaka 14 alijiua mwaka 2024 baada ya kuzungumza miezi mingi na mhusika wa kubuniwa kwenye programu ya namna hii, na mama yake akaishitaki kampuni. Aprili 2025 OpenAI yenyewe iliondoa sasisho moja kwa sababu mashine ilikuwa imezidi kukubali kila kitu mtu anachosema. Mashine iliyofundishwa kupendeza itakupendeza hata unapoelekea shimoni. Yaya wako angekuzaba kofi.

Je, hakuna namna nzuri? Ipo. Mwaka 2025 Chuo cha Dartmouth, Marekani, kilitangaza matokeo ya mashine yao ya tiba, Therabot. Watu 210 waliingia katika jaribio. Kwa wale wenye sonona waliopewa mashine, dalili zilipungua kwa wastani wa asilimia 51. Ni matokeo makubwa. Lakini tazameni nyuma ya pazia: mashine ilitengenezwa kwa miaka na wataalamu wa tiba, na watafiti walikuwa wakisoma mazungumzo, tayari kuingia mtu akitaja kujiua. Watu walikuwa wamekaa. Programu aliyoifungua mwanangu usiku ule haikuwa na mtu aliyekaa nyuma yake.

Na wenzetu wa Zimbabwe hawakungoja mashine. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na akina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabu kwa vidole. Aliwafundisha nyanya hao kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kufungisisa. Hilo ni neno la Kishona, kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema mawazo mingi, na hakuna nyanya wa Mbare ambaye angempongeza mgonjwa. Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la watu 573: waliokaa na nyanya walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi ni la mbao. Katuba tuna maseremala.

Mtaniuliza nilifanya nini mimi, mjomba mwenye mdomo mrefu. Nilikwenda kwa binti yetu. Nilichelewa, lakini nilikwenda, na mama yangu mzazi akasema naye anakuja. Mama amepita miaka 80. Alizaliwa kambini, katika hospitali ya kampuni, na kadi yake ya ubatizo bado anayo kwenye sanduku la bati. Tulikaa uani. Mimi sikuwa na la kusema, nikawa nasifu embe. Mama alikuwa akichambua sombe. Binti alikuwa na simu mapajani, na mama akaitazama kama anavyomtazama mgeni ambaye hajatambulishwa.

"Njo huyu unasemaka naye usiku?"

Binti akakubali, akitazama chini.

"Leta nimuulize."

Hakuuliza kama ina akili, wala kama ina moyo. Aliuliza lile swali ambalo sote tuliulizwa tulipobisha hodi kwenye nyumba ya watu. Binti aliandika kama alivyoambiwa: "We uko mutoto wa nani?" Safari hii mashine ilielewa. Ilijibu kwa Kiswahili cha pwani, kwa adabu, kwamba haina baba wala mama, kwamba yenyewe ni programu iliyotengenezwa na kampuni. Binti akasoma kwa sauti.

Mama alikaa kimya kidogo. Majani ya sombe yalikuwa yamejaa kwenye sahani.

"Kumbe," akasema. "Iko mwana wa kampuni, sawa siye." Akamrudishia simu, akamwambia aende apumzike, bukari atasonga mwenyewe. Kisha, kabla binti hajafika mlangoni, akamwita tena na kumuuliza mtoto yule angeitwa nani.